Jirani yangu wa safu

Kwa miaka 9 nimeswali alfajiri bega kwa bega na mzee mmoja hapa Mji wa Kale na jina lake sikuwa nalijua. Nilikuwa namuita Ami. Kila mtu msikitini alikuwa amuita Ami, na hapa kwetu Mombasa mtu mzima ukishamuita Ami heshima ishatimia, hakuna atakayekuuliza Ami nani, mwana wa nani, akaa wapi. Waitikia salamu yake, wampa mkono, mwatoka, kila mtu ashika kichochoro chake.

Alikuwa na mahali pake, safu ya pili upande wa kulia, karibu na dirisha lile laingiza upepo wa bahari, na mimi kwa vile nakaa karibu nilikuwa nafika mapema basi tukajikuta majirani. Kama waswali jamaa sana, yaani swala ya pamoja, wajua kuna watu wa kukuvuta ujaze pengo, wengine wakuvuta kama wavuta mkokoteni. Yeye alikuwa ashika mkono wa kanzu yako kwa vidole viwili tu, avuta kidogo mara moja halafu aachia. Ukisogea, sawa. Usiposogea yeye ndo asogea. Kuna hadithi ya Mtume (s.a.w) kwenye kitabu cha Abu Daud yahusu kunyoosha safu na kuziba mapengo, na ndani yake ameambia watu wawe laini mikononi mwa ndugu zao. Hiyo hadithi nimeisikia kwenye darsa sijui mara ngapi lakini wallahi maana yake niliipata kwa vile vidole viwili.

Mwaka jana baada ya Ramadhani ikawa simuoni.

Siku ya kwanza sikuwaza kitu. Ya pili nikaona pengo hapo kuliani kwangu, akaja kijana mmoja akaliziba, tukaswali. Ya tatu nikajiambia labda amesafiri, wazee hawa wana watoto wao Lamu, Malindi, Dubai, atakuwa ameenda kutembea. Ikaisha wiki, ikaisha na ya pili. Na nataka niliseme hili wazi kwa sababu ndilo limenikalisha chini kuandika: kila alfajiri nilikuwa naliona lile pengo na kila alfajiri nilikuwa nashukuru moyoni kuwa kuna mtu amekuja kuliziba, safu imenyooka, imamu amepiga takbiri, basi. Ilinitosha safu kuwa imejaa. Kuwa kuna mtu hayupo, hilo lilikuwa lanijia kidogo wakati wa kutoa salamu ya kulia, pale ambapo shavu lake ndilo nimezoea kuliona, halafu navaa ndara naenda zangu.

Aliyeuliza ni mama wa mahamri.

Pale kwenye kona ya kichochoro chetu kuna mama auza mahamri na mbaazi za nazi, jiko lake la makaa huliwasha kabla ya adhana ya alfajiri, sisi tukitoka msikitini twapitia hapo, mwenye kukaa kwenye viti vyake vya plastiki akae, mwenye kufungiwa kwenye gazeti afungiwe. Asubuhi moja ananipa chenji yangu huku macho yako kwenye karai akaniuliza, "Mwanangu, yule mzee wenu nani amuuguza?" Nikamwambia kwani aumwa? Akageuka akanitazama. "Wiki ya tatu hii hajaja kuchukua mahamri yake mawili. Mimi nilidhani nyinyi mwajua, nyinyi si ndo mwaswali naye."

Nilirudi nyumbani na yale mahamri sikuyala.

Adhuhuri nikauliza msikitini. Muadhini akasema yule akaa upande wa Kuze. Mwengine akasema la, Kibokoni. Kijana wa tuktuk akasema alimpeleka Makadara siku moja lakini hajui kama ndo kwake. Namba ya simu hakuna aliyekuwa nayo, jina huyu asema hili, yule asema lile, na tulikuwa watu kama 15 tumesimama pale kwenye mabomba ya udhu, wengine wameswali naye kabla mimi sijahamia, na hatukuweza kusema mlango wake ni upi. Nilisikia haya ambayo sijawahi kuisikia nikiwa ndani ya msikiti. Mwisho ikabidi turudi kwa yuleyule mama, akamtoa binti yake atupeleke, kwa sababu mvua ikinyesha huwa ampelekea mzee mahamri mpaka kwake. Ilikuwa vichochoro viwili kutoka msikitini. Viwili.

Nyumba ni zile za zamani, ngazi za mbao nyembamba zenye kona ya giza katikati, na Ami akaa ghorofa ya pili peke yake tangu mkewe afe. Tulimkuta amekaa kitandani, mguu wa kushoto uko juu ya mto, nyayo imefungwa kitambaa. Sukari. Alikuwa amejichoma na kitu pale ngazini wala hakuhisi, kidonda kikaanza kidogo kidogo, binti yake yuko Lamu na alikuwa ashamtumia hela za dawa kwa M-Pesa, lakini kushuka zile ngazi hawezi na kumwita mtu hakutaka. Mswala ulikuwa umetandikwa pembeni ya kitanda kuelekea kaskazini, maana kibla kwetu hapa Mombasa ni kaskazini moja kwa moja, na juu ya mswala kuna stuli ya kukalia.

Hakutulaumu. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa na ingekuwa rahisi zaidi. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Yule mwenye kikohozi kikavu, amepata dawa?" Halafu akauliza yule kijana wa kila siku kuingia rakaa ya pili yu hali gani, na yule bwana aliyekuwa na kesi ya shamba Kisauni imeishaje. Majina yetu naye hakuwa ayajua, kama sisi, lakini watu alikuwa awajua, yaani safu nzima alikuwa nayo kichwani pale kitandani. Kisha akanigeukia mimi. "Na mwanao, mbona ulikuwa ushaacha kumleta?"

Ngoja niseme hapo kidogo. Mwanangu alikuwa na miaka 5, nikimleta alfajiri za Jumamosi, siku moja akakimbia mbele ya safu watu wakiwa kwenye sijda na baada ya salamu kuna mtu mzima akampigia kelele mbele ya watu wote, akamwambia msikiti si uwanja wa mpira. Mtoto alijificha nyuma ya kanzu yangu na tangu siku hiyo nikimuamsha alikuwa asema tumbo lamuuma. Mimi nikaacha kumsumbua. Hakuna aliyeniuliza, Ami tu ndo alikuwa ameona. Na ni sisi sisi ambao twasomeshwa kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa aingia kwenye swala anataka kuirefusha, akisikia mtoto alia aifupisha kwa kumuonea huruma mamake, na kuwa aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, akienda sijda amuweka chini, akisimama ambeba. Hiyo iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, si maneno ya mitaani. Mimi sisemi watoto waachiwe wageuze msikiti chekechea, nasema kuna namna ya kumshika mtoto mkono ukamuweka kando yako ukamaliza swala yako.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawa nazifikiria zile daraja 27. Hakuna Muislamu wa pwani hajui kuwa swala ya jamaa yazidi ya peke yako kwa daraja 27, ni hadithi ya Ibn Umar, na ile ya Abu Huraira yasema 25, ukishatawadha vizuri ukatoka huna nia ila swala basi kila hatua yakupandisha daraja na yakufutia dhambi, na malaika wakuombea rehema maadamu umekaa mahali pako pa swala. Twazihesabu hizo daraja kama watu wa duka wanavyohesabu mauzo ya jioni. Lakini kuna hadithi nyingine, ya Abu Musa, iko kwa Bukhari, kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na yuko kwake. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ami pale juu, peke yake, na stuli yake, jamaa yake ya miaka yote ilikuwa yaandikwa, inshallah hakupoteza kitu. Sisi wazima wenye miguu yetu tuliokuwa chini safu imenyooka, vichochoro viwili kutoka kwake, ndo sijui tuliandikiwa nini wiki zile tatu. Kuna hadithi qudsi, yaani maneno ya Allah aliyoyasimulia Mtume, kwa Muslim ambayo mimi kila nikiisoma nywele zanisimama, kuwa siku ya kiyama Allah atasema ewe mwanadamu niliugua hukuja kunitazama, mja aseme ya Rabbi nitakutazama vipi na Wewe ndiye Mola wa viumbe wote, aambiwe hukujua mja wangu fulani aliugua hukumtazama, hukujua kuwa lau ungemtazama ungenikuta kwake.

Watu wengi wataniambia ni mji, maisha yamekuwa mbio. Mimi naona kuna kitu kilitokea pia mwaka 2020, wakati wa korona. Machi misikiti ikafungwa, Mei Mji wa Kale ukafungwa wenyewe hatutoki hatuingii, Idi tukaswali majumbani, na Julai ilipofunguliwa tukaambiwa watu mwisho 100, saa moja tu, mapengo baina yetu, na wenye zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Ilikuwa kwa ajili ya afya na sina ugomvi nayo. Lakini tulifundishwa vitu viwili kwa pamoja, kusimama mbali na mwenzako na kutomuona mzee msikitini ukaona sawa, wakati mzee wa Kiswahili asipoonekana Ijumaa mbili zamani mtaa mzima wabisha hodi. Utepe wa kuonesha mapengo ulibanduliwa kwenye zulia, mabega yakarudi kugusana, lile la kuuliza halikurudi lote.

Mtume (s.a.w) alikuwa auliza. Kulikuwa na mwanamke mweusi alikuwa afagia msikiti wa Madina, akawa hamuoni, akauliza, akaambiwa amekufa. Watu walikuwa wamemzika bila kumwambia, ni kama walilidogosha jambo lake. Akasema mbona hamkuniambia, nionesheni kaburi lake, akaenda akamswalia. Mfagiaji! Mtu ana umma mzima wa kuushughulikia, ana wajumbe waja kutoka huku na huku, na mfagiaji akikosekana amuona.

Basi tukakubaliana Ami ashuke. Sisi wa madhehebu ya Shafi twafunza jamaa ni fardhi kifaya, yaani baadhi wakiitimiza yatosha, na mgonjwa ana udhuru wake, kwa hivyo kisheria hakuwa na dhambi kubaki juu, lakini alisema mwenyewe kilichomuuma zaidi ya mguu ni kusikia ikama, ule wito wa kusimama kuswali, kila siku kupitia dirishani halafu kimya. Sahaba Ibn Masud amesema zamani ile mtu alikuwa aletwa akishikiliwa kati ya watu wawili mpaka asimamishwe kwenye safu. Kati ya watu wawili. Maana yake kila mgonjwa mmoja aliyefika msikitini nyuma yake kuna watu wawili walioamka mapema zaidi wakampitia kwake.

Sisi tulikuwa wanne kwa sababu ya zile ngazi. Mama wa mahamri alitupa kiti chake kimoja cha plastiki chenye mikono, akakipangusa unga kwanza kwa leso. Tukamfunga Ami kiunoni kwa kikoi asiteleze, wawili juu wawili chini, tukashuka kinyumenyume ngazi moja baada ya nyingine, na pale kwenye kona ya giza kiti hakikupinda, ikabidi kiinuliwe juu ya vichwa vya walio chini, Ami ameweka kiganja ukutani ajisukuma asigonge, chokaa yote ya ukuta ikabaki kwenye mkono wa kanzu yake. Alikuwa asoma kitu kwa sauti ndogo. Kijana wa kuingia rakaa ya pili ndo alikuwa chini upande wa mguu mbovu, jasho lamtoka, na siku hiyo aliwahi rakaa ya kwanza.

Kuna waliolalamika, siwezi kuficha. Mmoja alisema kiti chakata safu, mwengine kuwa miguu ya kiti yatoboa zulia jipya. Hilo la zulia tulikata ndara kuukuu tukagundisha vipande vinne chini ya miguu. Hilo la safu imamu alilimaliza vizuri, alikiweka kiti mwisho wa safu ya pili palepale dirishani, mabega ya Ami yakawa sawa na yetu tulioketi, na baada ya Isha akasoma hadithi ya Imran bin Huseyn, swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Halafu akasoma zile sentensi za Ibn Masud nilizozitaja. Hakumtaja mtu wala hakumuangalia mtu, na yule wa zulia sasa ndo apangusa kiti kila Ijumaa. Watu si wabaya. Wengi wetu hatujaambiwa kwa upole tu, na kuna yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume, watu wakamrukia, Mtume akasema muacheni, akataka ndoo ya maji imwagwe pale, akawaambia mmetumwa kurahisisha hamkutumwa kutia uzito. Kama hilo lilimalizwa kwa ndoo ya maji sioni kwetu sisi ni jambo gani lataka kelele.

Nikikiona kile kiti naikumbuka Suratul Maun. Twaisoma sana kwa kuwa ni fupi, watoto wa chuo cha Qur'ani waisoma kwa wimbo, na ndani yake kuna ole kwa wenye kuswali, wanaosahau swala zao, wanaojionesha, wanaozuia maun. Wafasiri, na Ibn Masud ni mmoja wao, wameeleza hiyo maun ni vile vyombo vya nyumbani vya kuazimana, sufuria, ndoo, shoka. Yaani mtu aswali na jirani akija kuazima sufuria amnyima, huyo ameingia kwenye ile ole. Na mama wa mahamri ametoa kiti wateja wake wakikalia, sasa wakae wanne badala ya watano, wala hajakiulizia mpaka leo.

Kiti chake kiko safu ya pili lakini yeye mwenyewe hana pa kuswali mle ndani. Msikiti wetu ni wa zamani, mdogo, haujapata sehemu ya wanawake, na huyu mama adhana ya alfajiri yamkuta pale kona kila siku ya Mungu, atandika mswala wake nyuma ya jiko aswali upesi upesi moshi wampiga. Mtume (s.a.w) amesema msiwazuie wajakazi wa Allah misikiti ya Allah. Najua hakuna aliyemzuia kwa mdomo. Lakini tumelipeleka kwa kamati, kuna stoo pale upande wa nyuma ina mlango wake wa nje na mabusati ya kale na spika mbovu, na mimi nitaendelea kulisema kila kikao mpaka ile stoo itolewe vitu.

Ami aendelea vizuri alhamdulillah. Kidonda kimekauka, dawa ya sukari akumbushwa na kijana wa rakaa ya pili kwa simu, ashuka mwenyewe sasa akishika ukuta, na mimi humpitia kwa sababu napenda. Mwanangu amerudi pia. Hukaa sakafuni kando ya kile kiti, na imamu akisema nyoosheni safu Ami aushika mkono wa kanzu yake ndogo kwa vidole viwili.

Nami nimejiwekea kazi moja, nikitoa salamu ya kulia na ya kushoto namuuliza mtu jina. Mwanzo ilikuwa tabu, watu washtuka, wadhani wameangusha kitu. Jumapili alikuja kijana mgeni akaswali kushoto kwangu, nilipomuuliza jina alitazama kwanza nyuma yake kuona kama namuuliza mwengine. Kumbe ni utingo wa trela, ametoka bara, gari lao liliharibika wakamuacha na ahadi, yuko siku ya nne alala bandani karibu na Mwembe Tayari. Tulikula mahamri, akala sita, Ami akalipa akakataa kabisa mimi nilipe. Jumatatu alikuja, Jumanne alikuja. Leo hakuwepo. Namba yake ninayo, nikimaliza hapa nampigia.